Magamba ya Sangara Kwenye Gauni la Harusi

Kompyuta zilipoanza kuonekana Mwanza, nilikodi ya duka la kuchapa barua nikamchorea bibi harusi mmoja gauni lenye maua ya magamba ya sangara. Samaki mwenyewe nilimkodolea macho mwaloni Kirumba, wavuvi wanaposhushia samaki, magamba nikayahesabu mara mbili, mpaka mchuuzi akauliza kama nanunua au naposa.

Bibi harusi alipokuja kuchukua mchoro, mwenye duka akajigamba: "Dada, hii kazi ya kompyuta. Huyu anabonyeza tu."

"Basi wadogo zangu wakiolewa nitawaleta kwako," bibi harusi akamjibu.

Nilipandwa na hasira. Nikampa bibi harusi karatasi ya mchoro wake, nikageuka nikaufuta mchoro kwenye mashine.

"Haya kaka, iambie ichore tena," nikamwambia mwenye duka.

Akabonyeza, kioo kikabaki cheupe. Bibi harusi akaniuliza wadogo zake waje lini.