Nipe Kitambulisho na Simu

Kila Ijumaa mchana wifi yangu, mke wa kaka yangu, huvaa koti lake la kazi na kwenda shule ya sekondari kuwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho usaili wa mazoezi. Halipwi hata senti. Alistaafu akiwa karani wa mapokezi, na ameona wengi wakitoka kwenye usaili wakifuta machozi. Mimi humsindikiza. Kazi yangu ni kukaa mlangoni, kumwita anayefuata na kunyamaza, jambo ambalo anasema sikuzaliwa nalo.

Yeye hukaa maabarani, nyuma ya meza yenye madoa ya dawa. Huwauliza ya kawaida: jieleze, unaweza nini, kwa nini tukuchukue wewe. Aliyesema udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi aliambiwa asimdanganye mtu mzima. Halafu mwishoni sauti yake hubadilika. Hunyoosha mkono na kusema, "Nipe kitambulisho na simu yako. Utarudishiwa baadaye."

Karibu wote humpa.

"Umeshindwa," huwaambia. "Chukua vitu vyako uondoke."

Mwalimu mkuu alilalamika kwamba tunawatisha watoto. Nilimjibu mimi, tena kwa ukali. Binti yetu, mtoto wa wifi, alikwenda kwenye usaili akiwa na umri kama wao. Alitakiwa aende peke yake. Hajarudi, na simu yake haipatikani. Mpaka leo mama yake huipiga kila asubuhi kwanza, ndipo anywe chai.

Ijumaa iliyopita aliingia msichana mwenye sweta lililoshonwa kiwikoni. Alijibu vizuri. Mwishoni akatoa kitambulisho na simu kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha kidogo. Wetu naye alikuwa akimpa mkubwa kitu kwa namna hiyo hiyo.

Wifi akavipokea, akavitazama.

"Nimefaulu, mama?" msichana akauliza. "Maana Jumatatu nina usaili wa kweli, hotelini. Wamesema niende mwenyewe, nisiwasumbue wazazi."

Wifi akamrudishia vitu. "Toka nje, uingie tena."

Wakarudia. Akatoa tena. Wakarudia tena.

"Lakini mama, mtu mzima nitamkataliaje?"

Wifi akainuka, akamnyang'anya simu. Msichana akamaka, akaivuta kwa nguvu zote.

"Niachie! Sitoi! Na huko Jumatatu siendi bila baba!"

Akatoka mbio, mlango ukajibamiza ukutani. Tulimtazama dirishani mpaka akavuka geti, simu ameishika kifuani. Wifi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, nami nilimwogopa kidogo.

"Umeona? Hata hakuniaga."

"Hana adabu kabisa," nikasema.

"Wetu aliaga kila mtu, wifi. Alishafika barabarani, akarudi kuniaga mara ya pili."