Simu Iliyoishia kwa Muuza Mablanketi

Nilipoajiriwa ukarani kwenye shamba moja la chai Mufindi, miaka ya sabini, baba alitoka Kihesa kuja kuniona. Kilichomleta hasa ni simu. Alisikia wafanyakazi tunaruhusiwa kupiga mara moja kwa mwezi, naye alitaka kuongea na mdogo wake, fundi wa gereji Mbeya. Walikuwa hawajaonana miaka sita.

Nilimpa namba, kupitia dirishani, mama wa swichibodi aliyeunganisha simu zote za shamba, nikarudi ofisini. Simu ilipolia nikamkabidhi baba mkonga. Akavua kofia.

"Kamwene, mdogo wangu!" alipaza sauti kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene, mzee," mwanamume akajibu. "Huko baridi imeanza?"

"Imeanza kweli!"

"Basi tuna mablanketi mazito, yameingia jana. Duka letu liko jirani na stendi."

Baba alinigeukia. "Siku hizi anauza mablanketi?"

Nikamnyang'anya simu. Hakuwa baba mdogo. Mwenye duka akanieleza kwa upole kwamba watu wa shambani kwetu humfikia mara kwa mara, naye huwapokea wote.

Nilikwenda chumba cha swichibodi nikiwa nimefura. Yule mama hakukana.

"Gereji hawakupokea. Wasipopokea, naunganisha dukani kwa shemeji yangu. Naye apate wateja."

Nilitaka kumfokea, lakini nilikuwa sijawahi kuingia mle. Mbele yake ulisimama ubao wenye vitundu safu kwa safu, nyaya zikipishana. Kitaa kikawaka. Akachomoa waya, akachomeka kwingine, na meneja akawa anaongea na Dar es Salaam. Mwanamke mmoja, sweta limetoboka kiwiko, ndiye aliyeamua nani amsikie nani! Na sisi siku zote tuliamini simu inakwenda tulikoituma.

"Mtafutie baba gereji," nilisema, hasira zimeniishia sijui wapi. "Na mtu usimpeleke tena dukani bila kumwambia."

"Sawa, mwanangu. Nimekosa."

Nikarudi ofisini kwa baba, na yule mama akajaribu mara tatu. Baba mdogo alipopatikana, alikuwa anahema kwa kukimbia. Baba alisikiliza, mkonga ameushika kwa mikono miwili, kisha akasema, "Mbona kama umesimama hapa?"

Walipomaliza nilimsimulia baba nilichokiona, naye akaomba kuuona ubao. Alisimama mlangoni kitambo kirefu, mikono nyuma.

"Mama, maneno yote ya watu yanapita hapa kwako?"

"Yanapita, baba."

"Na unayabebaje?"

Yule mama alicheka kidogo, kitaa kingine kikawaka, akageuka kukipokea.