Unga wa Msiba Usiokuwa Wetu

Mjukuu wangu anayefundisha Kalangalala, pale Geita mjini, alikuja likizo ya Desemba akanikuta barazani na kitabu alichoniletea mwaka jana wakati kama huu. Akauliza, "Bibi, bado hicho hicho?" Nikamwambia kitabu si uji, hakinywewi kwa mkupuo. Mimi niliishia darasa la pili, mengine nikayapata ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, na mpaka leo nasoma kwa kidole. Ukurasa mmoja, miwili, kuku wakianza fujo nafunga.

Kitabu chenyewe ni cha ukoo mmoja uliogombania shamba. Kina watu wengi mno. Mjukuu alikwishasahau nani shemeji ya nani, nikamtajia wote, na watoto wao, na yule mlinzi anayetokea mara moja tu na hatokei tena. Akacheka, akaniambia basi niandike na mimi mwaka wangu ulivyokwenda: nilichosoma, nilichosikia redioni, sikukuu, mambo ya kila siku. "Andika kama unavyoongea, bibi. Watu wanapenda kusoma hayo."

Nimeandika. Ila humu sitataja jina la mtu yeyote, na wanaonijua watashangaa. Kijijini kwetu, upande huu wa Kagongwa, mtu akitaka kujua babu yake aliitwaje, au mtoto aliyekufa akinyonya mwaka ule wa njaa alipewa jina gani, anatumwa kwangu. Katekista huja kwangu kabla ya Misa ya marehemu. Jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Na majina ndiyo yaliyoniaibisha mwaka huu, kwa hiyo nayaacha yapumzike.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa kawaida. Lambo lilikauka mapema, tukawa tunanunua maji kwa wenye punda. Viazi vilikuwa vizuri, nikavikata vipande nikaanika michembe mpaka juu ya bati la choo. Habari za dunia nilizisikia nikichambua mlenda, maana redio yangu inaning'inia jikoni: vita vya mbali, bei ya pamba, bei ya dhahabu. Dhahabu ikipanda bei, vijana wetu wanazidi kupungua vijijini. Wanakwenda Geita kushuka kwenye maduara, yale mashimo wanayochimba kwa mikono na kuyashikiza kwa magogo.

Mmoja wao ni mtoto wa mke mwenzangu. Marehemu mume wetu alioa wawili, mimi mkubwa, yeye mdogo. Zamani hatukupatana, sitaki kudanganya. Lakini tangu mzee afariki tunaishi boma moja na tunapika chungu kimoja, leo jikoni kwangu, kesho jikoni kwake. Kijana wake yuko machimboni miaka mingi. Ananiita mama mkubwa.

Sasa nisimulie siku yenyewe. Mvua ilikuwa imechelewa, tukakata tamaa, halafu ikanyesha usiku kucha. Udongo wetu wa mbuga una kiburi: ukikauka ni jiwe, ukilowa sana ni gundi, siku nzuri ya kupanda ni moja au mbili, basi. Asubuhi ile kijiji kizima kilikuwa njiani na majembe na mbegu. Mimi nilikuwa nawasha moto wa chai, redio inasema duara limeporomoka Geita. Msomaji akataja majina ya waliotambuliwa.

Moja lilikuwa la kijana wetu. Jina lake, na la baba yake.

Nilimwita mjukuu, alikuwa amefika jana yake tu. Akapiga simu ya baba yake mdogo, haipatikani. Akapiga tena. Akasema, "Bibi, tusubiri. Jina hilo wanalo watu mia."

"Na la baba yake nalo wanalo mia?"

"Wanaweza kuwa nalo, bibi. Hebu tusubiri kidogo."

Na kweli wanaweza. Kwetu mtoto akizaliwa wakati wa njaa anapewa jina la njaa, akizaliwa njiani anapewa jina la njia. Kijana wetu alizaliwa wakati wa njaa, na njaa ile haikuwa ya boma letu peke yake. Mimi mwenyewe naweza kukuhesabia vijana wa jina hilo toka hapa mpaka Isaka. Nani alipaswa kulijua hilo kuliko mimi? Lakini nilimwambia mtoto wa watu, mwalimu, kwamba majina asinifundishe.

Halafu kuna desturi. Mama haambiwi moja kwa moja kwamba mwanawe amekufa. Wazee wanaambiwa kwanza, wanamtuma shangazi, shangazi anakuja taratibu, anasema kijana anaumwa, anaumwa sana, huku wanawake wanakusanyika mmoja mmoja ili akianguka adakwe. Nimeona hivyo maisha yangu yote. Siku ile nilivuka uwanja mbio na kanga mkononi, nikamkuta mwenzangu ameinama anachagua mbegu za mahindi, nikamwambia. Nilitaka niwe wa kwanza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hata yeye alipopiga ukelele, na watu wakaanza kugeuka njiani na kuuliza kuna nini, na kila mmoja akatazama kwangu ili ajue, kuna mahali ndani yangu palikuwa hapaumii kabisa.

Sasa msiba kwetu si wa nyumba moja. Ni wa nzengo, yaani majirani wote wanaozikana. Kilio kikipigwa, kila nyumba inaleta unga, kuni na maji, na jembe haligusi shamba mpaka marehemu azikwe. Asiyefika analipishwa faini. Kwa hiyo wale watu waliokuwa wanakwenda kupanda, wote, waliyalaza majembe yao chini ya mti wa uwanjani kwetu wakakaa. Unga ukaja kwa mabeseni, wa mahindi, wa mtama. Mwenzangu alikuwa amelala kwenye mkeka, sauti imemwisha. Wanaume walikuwa wanazungumza jinsi ya kuusafirisha mwili. Jua lilikuwa linakausha udongo na kila mtu alikuwa analitazama.

Jua lilipokwisha kugeuka, bodaboda ikaingia. Nyuma amekaa kijana wetu, mguuni ana mfuko wa mchele.

Hakuna aliyepiga kelele. Alishuka, akatazama turubai la msiba lililofungwa uwanjani, akatazama watu, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani?" Halafu akaniona mimi niko karibu, akasema, "Shikamoo mama mkubwa." Ile marahaba ilinikwama. Mpaka leo sijaiitikia ile salamu.

Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili kama mtu anayekagua tikiti maji. Ndipo watu wakapumua, na utani ukaanza. Jirani yetu mmoja, mkulima hodari, akamwambia, "Jembe langu limelala siku nzima kwa ajili yako, na wewe hata kufa kwenyewe hujui."

"Nisamehe baba," akasema kijana. "Siku nyingine nitajitahidi."

Mzee wa nzengo akampisha kiti. "Kaa mwanangu, ule ugali wa msiba wako. Si wengi waliopata bahati hiyo."

Watu walicheka mpaka wakalia. Tulichinja majogoo wawili. Vijana wakacheza palepale uwanjani. Mimi pia nilicheka, nilicheka kwa nguvu kuliko wote, nikidhani kicheko kitaifunika aibu.

Kijana alieleza akiwa anakula. Duara lililoporomoka lilikuwa jirani na la kwao. Aliacha simu bandani, ikaisha chaji, akaenda na wenzake kufukua. Yule waliyemtoa walimjua kwa jina la machimbo tu. Kule kila mtu ana jina la machimbo. Kitambulisho kilipotolewa mfukoni na kusomwa ndipo yeye mwenyewe akashtuka kwamba marehemu ni wajina wake, mpaka la baba. "Kwao ni upande wa Ushirombo," akasema. "Alikuwa mtu wa utani sana. Niliazima kwake tochi juzi." Mtu akaleta mchuzi, na kicheko kikaendelea.

Jioni watu walipotawanyika mwenzangu alikuja akasimama mlangoni kwangu. Hakufoka. Alisema, "Dada, mwanangu machimboni hawamjui kwa jina lile ulilolisikia. Hata redio ingesoma majina ya watu mia, mimi ningejua kwanza niulize. Jina analoitwa kule unalijua?"

Sikulijua. Mimi ninayejua jina la punda wa mwalimu wetu wa kisomo. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza mama yake habari za mtoto zaidi ya kusema hajambo.

"Ungeniuliza ningekwambia," akasema, akaenda zake.

Kesho yake akapika peke yake. Udongo nao ulikuwa umeshakauka, na wengi walipanda wiki ya pili kwa shida. Kisimani, maji yaliporudi, wanawake walinibatiza Mama Taarifa. Nikikaribia, mmoja anasema, "Haya, nyamazeni, tusikie leo kafa nani." Najaza ndoo yangu, naondoka.

Noeli ilifika hivyo. Kanisani nilikaa nyuma. Tulipika wali majiko mawili ndani ya boma moja, wajukuu wakawa wanakwenda huku na huku na sahani, wanakula mara mbili, kwao ilikuwa neema. Mjukuu wangu alijaribu kunichangamsha, akaniuliza kitabu kimefika wapi. Nikamwambia nimefika kwenye ukurasa wa lawama.

Kilichotukutanisha ni unga. Unga wa msiba haurudi ulikotoka. Kumrudishia mtu ni kumwombea kifo. Na hakuna aliyethubutu kuupika kwa sikukuu. Ulikuwa umekaa magunia mawili ghalani kwa mwenzangu, na fukusi hawangoji desturi. Siku chache baada ya Noeli alikuja akasema, akitazama pembeni, "Unga huu una mwenyewe."

Nilielewa. Nikachukua kanga yangu ya kutokea.

Kijana aliwapigia watu simu mpaka akapajua kwao marehemu. Tulipanda gari mpaka Ushirombo, halafu bodaboda mbili, kila mmoja na gunia. Njiani kila mmoja alitazama upande wake. Tulikuta nyumba ya watu wanaolima na kusali, sanamu ndogo ya Bikira dirishani, kaburi nyuma ya nyumba udongo bado mbichi. Mama wa marehemu ni mdogo kwetu kwa umri, akatuamkia, akatutandikia mkeka. Akatazama magunia. Akauliza, kwa heshima kabisa, mwanawe tulimfahamu wapi.

Mwenzangu alinitazama. Ilikuwa zamu yangu.

Nilimweleza. Redio, jina, nilivyovuka uwanja, kilio, nzengo, majembe chini ya mti. Nilimwambia huu unga uliletwa kwa jina la mwanao, mama, ingawa walioleta hawakumjua. Nilitegemea atatufukuza, au atacheka. Alilikunja na kulikunjua pindo la kanga.

"Asubuhi ile," akasema, "mimi nilikuwa shambani. Mvua ilinyesha na huku. Nilipanda mahindi siku nzima, nilikuwa hata naimba. Habari nilizipata kesho yake jioni." Akayatazama tena magunia. "Kumbe alikuwa ameshapata wa kumlilia. Watu waliacha majembe."

"Waliacha," akasema mwenzangu.

"Nyie mama zangu, Mungu awabariki. Nilikuwa najilaumu kwamba mwanangu alikaa siku mbili bila hata chozi." Akanishika mkono, mikono yake migumu kama yangu. "Mlimlilia mpaka saa ngapi?"

Nimeulizwa maswali mengi katika umri huu. Nilifikiria ile bodaboda, ule mchuzi, majogoo, vijana wanacheza. Nilifikiria nilivyocheka kwa nguvu kuliko wote saa ambayo yeye alikuwa bado anafukia mbegu na kuimba, na kijana wake amelazwa mahali hana mtu. Katika watu wote wa uwanjani kwetu, hakuna hata mmoja aliyesema: basi na huyo mwingine ni wa nani?

"Mpaka jua lilipozama," nikasema.

Mwenzangu aliinamisha kichwa. Hakunisahihisha.

Tulirudi na magunia matupu. Tukiwa tunangoja gari pale Ushirombo akaniuliza, "Ungeweza kumwambia?"

"Nisingeweza."

"Hata mimi nilicheka," akasema. "Ni wangu aliyerudi, lakini nilicheka."

Akanitajia jina ambalo mwanawe anaitwa machimboni. Ni jina la ajabu, la mzaha, nisingelibuni kamwe. Nimeliweka kichwani pamoja na mengine, na la wajina wake wa Ushirombo, ingawa ni lilelile la kijana wetu, nimeliweka peke yake.

Leo mwaka unakwisha na mwenzangu yuko jikoni kwangu anakuna nazi iliyoletwa na wajukuu. Hajasema amenisamehe, na mimi sijaomba. Ila tumerudi kwenye chungu kimoja, kwa sababu kuna uongo tunaoujua sisi wawili tu. Nafurahi kwamba amekuja. Halafu nakumbuka furaha hiyo nimeinunua kwa kumdanganya mama yule, naona haya, nakwenda kuchochea moto.