Nilikwenda Kilburn Kusema Nyumba Imezama

Kila ninayekutana naye Kilindoni ananiuliza London kuna nini, kana kwamba nilikwenda kutembea. Sikwenda kutembea. Nilitumwa na ndugu zangu nikamwambie dada yetu mkubwa, Zuhura, ana kwa ana, kwamba nyumba ya mama hapa Mafia haipo tena. Bahari imeichukua, mwaka wa tatu huu, na sote tulimficha. Kwetu aliye mbali hapewi habari mbaya kwa simu, maana atalia na nani? Basi kila alipopiga tulimjibu, "Nyumba ipo, nzima." Idi iliyopita nilimwambia tumeipaka chokaa. Mimi huyu, fundi seremala mwenye wajukuu. Sasa dada anastaafu unesi na anataka kurudi kuishi humo. Uongo wetu ulikuwa umefika ukingoni.

Ijumaa asubuhi niliondoka Mafia kwa ndege ndogo, Dar nikapanda kubwa, nikabadili tena njiani. Safari nzima nilikuwa nikipanga maneno. Juu ya mawingu yalikuwa mazuri sana, mpaka nikajisifu kimoyomoyo.

Jumamosi mchana nilifika, na maneno yote yakanitoka. Dada alikuwa amesimama uwanja wa ndege na kofia ya sufu kichwani, amepungua, lakini kucheka kwake ni kulekule. "Shikamoo, dada." "Marahaba, fundi. Mbona umekuwa mzee kuliko mimi?" Tukapanda treni mpaka Kilburn, kwenye fleti anayopanga ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Mlango ulipofunguliwa nilipokewa na harufu ya samaki wa nazi, nikakumbuka nilivyokuwa nikitoka shule mbio. Dada anasema Kiswahili cha mama, maneno ambayo hapa siku hizi nayasikia kwa vikongwe tu. Nilitamani aendelee kuzungumza, hata kama ananiagiza chumvi.

Lakini mazungumzo yenyewe yalikuwa nyumba. Alimsimulia binti yake Salma, aliyezaliwa hukohuko na anasoma historia ya kale chuo kikuu, habari ya vyumba vinane, baraza la kulisha mtaa mzima, na madirisha yanayoingiza upepo mchana kutwa. Vyumba vilikuwa vinne, na milango yake nimeichonga mimi. Nikainamia sahani yangu.

Jumapili alinipeleka Kenton, mtaa mwingine wa London, kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja mzee, mzaliwa wa Tanga. Dada alitaka mapazia, anishonee niyabebe, ili akifika ayakute yanapepea. Mzee alikunjua kitambaa cha rangi ya maziwa, akanigeukia. "Fundi, dirisha lina upana gani?"

"Futi tatu na nusu," nikasema. "Urefu nne."

Jibu lilitoka kabla sijafikiri, tena vipimo vilikuwa sahihi kabisa. Hilo ndilo lililonitia aibu. Mzee akawa anakata huku anatusimulia kwamba yeye alirudi Tanga mara moja kuangalia duka la baba yake, akakuta pamejengwa benki. "Nililia pale barabarani," akasema. "Lakini afadhali nilikwenda." Dada akampa pole, kisha akasema, "Sisi tuna bahati, ya kwetu ipo." Niliangalia mkasi mpaka ulipomaliza.

Jumatatu asubuhi Salma alinipeleka kwenye makumbusho makubwa katikati ya jiji. Mimi humwuliza kwa Kiswahili, yeye hunijibu kwa Kiingereza, na hapa nayaandika yote kwa lugha yetu. Anatafiti hadithi ya Wagiriki wa kale juu ya Atlantisi, kisiwa kikubwa mno, chenye nguvu na fahari kilichozama kwa siku moja na usiku wake. Mwanafalsafa wao mmoja ndiye aliyeiandika, na tangu hapo watu wanabishana aliitoa wapi. Alinisimamisha mbele ya mtungi wa udongo wa zamani uliochorwa pweza. Wallahi, aliyechora alimjua pweza, mikono yote imekaa inavyokaa mwambani.

"Wengi wanasema ilianzia huku ulikotoka mtungi huu, mjomba," akasema. "Kulikuwa na watu wa Krete, mabaharia hodari. Kaskazini yao kisiwa cha Thera kililipuka, volkano, sehemu kubwa ikazama. Wengine wanasema hapana, ni mji wa pwani ya Ugiriki uliomezwa na bahari kwa tetemeko, zama za mwanafalsafa mwenyewe. Na wapo wanaosema alitunga tu, awakanye watu wake na kiburi."

"Na ukubwa wote ule? Kisiwa kikubwa kama bara?"

"Hadithi hukua. Wapo wanaodhani hata hesabu ya miaka tangu kizame ilizidishwa mara kumi njiani."

Nikamwambia sisi nasi tunao mji wa Kisimani, magharibi ya Mafia, bahari imeula, na wazee husema watu wake walikuwa na kiburi. Salma akacheka. "Umeona? Mji ukizama, wanaobaki wanautafutia kosa." Mimi sikucheka. Niliwaza mama alikuwa na kiburi gani, mtu aliyemwazima jirani hata jiko lake.

Kisha akasema jambo ambalo hakujua linanichoma. "Kinachoniudhi ni kwamba wote walioandika hawakuwepo. Hakuna hata mmoja aliyesimama akayaona maji." Mimi nilisimama. Niliyaona yanaingia jikoni, nikang'oa mlango na kukimbia nao, kama vile mlango ndio nyumba. Nilimwambia Salma turudi.

Alasiri tulimkuta dada anashona.

"Dada, acha kidogo."

"Kwani vipimo umekosea?"

"Vipimo sikukosea. Madirisha ndiyo hayapo. Nyumba haipo, dada. Bahari imeichukua, mwaka wa tatu huu."

Alizima cherehani. "Na chokaa ya Idi?"

"Hakukuwa na chokaa."

"Na picha uliyonitumia?"

"Ya nyumba ya jirani. Tuliona utaumia peke yako, huna wa kukushika mkono."

Dada hakupandisha sauti. "Kazi yangu hapa ni kuwaambia watu kwamba baba yao amekufa. Nawakalisha, nawaambia, nawapa maji. Wageni wanaaminika kuambiwa, mimi siaminiki?" Akaingia chumbani. Siku mbili hatukusemezana, chakula naletewa na Salma. Nililia, sioni haya kusema.

Alhamisi asubuhi alitoka, akaketi mbele yangu. "Kilianza kipi?" Nikamweleza: jikoni kwanza, halafu kisima, baraza, vyumba vya mbele. "Na chumba cha mama?" Hicho kilikuwa cha mwisho, kilisimama peke yake miezi miwili. Hapo ndipo alipolia, nami nikamshika mkono. Salma aliuliza vyumba vinane vilikwenda kwa mpango gani. "Vilikuwa vinne," dada akasema, anafuta macho. "Kimoja kilivuja. Mama alituhamisha usiku na mikeka yetu, tukilalamika." Salma alisema hajawahi kusikia habari ya mikeka, akamwomba amsimulie tena.

Jumamosi nilirudi. Mapazia yalibaki Kilburn. Nyumbani walinizunguka wote: umemwambia? Nimemwambia. Akasemaje? Anakuja vilevile, na atafikia kwangu.

Nilichojifunza si kikubwa. Tulidhani tunamficha habari moja, kumbe ili hiyo moja isimame tulilazimika kumficha zote, magonjwa, misiba, ugomvi wa mashamba. Miaka mitatu dada alikuwa akipiga simu kwenye kisiwa ambamo hakuna mtu anayeumwa. Ijumaa iliyofuata alipiga. Nikaanza kama kawaida, sote wazima, hatujambo, akanikata katikati.

"Nipe habari mbaya kwanza."

Nikavuta kiti, nikaanza na magoti ya mke wangu.