Blanketi la Bibi Semeni

Mke wangu amekufa jana.
Leo nimemzika, hapa kijijini Kichiwa.

Asubuhi nilienda kanisani. Washarika walikuwa wamekusanyika kugawa mablanketi kwa maskini. Nikaomba moja la kumzikia. Letu lilichakaa likaisha kwenye ugonjwa wake.

Mzee wa kanisa akanijibu mbele ya watu:
"Pole, baba. Haya ni ya walio hai. Baridi ya huku unaijua."

Nikamwambia, "Basi njoo umzike wewe, hivyo hivyo uchi."

Nilikuwa nimekunja ngumi, sifichi.

Bibi Semeni, jirani yetu, alikuwa ameshapewa lake. Akalitoa mabegani, akaniwekea mkononi.

Mzee akamuuliza, "Sasa Bibi, wewe utalala na nini?"

"Mimi nina moto nyumbani. Yeye anaingia udongoni. Au nimeshapewa halafu si langu?"

Mzee akaangalia chini. Akaendelea kugawa mablanketi.

Tumemviringisha mke wangu nalo, tumemzika vizuri.

Ninyi mngekuwa yule mzee, mngenipa?

Moto wa Bibi unataka kuni, na kuni nitampelekea mimi. Bwana wa shamba la miti ya miwati ninakofanya kazi alinipa ruhusa ya leo tu kwa ajili ya msiba.

Kesho narudi kazini.