Igizo la Odeta, makofi yangu

Leo darasa zima limenipigia makofi, na tangu saa hizo sijaweza kula.

Ilikuwa kipindi cha mdahalo, hapa Kasulu. Mada: kati ya maigizo ya nyimbo yaliyotungwa na vijana wa huku kwetu miaka hii, lipi ni bora?

Wanaotoka Kibondo walitetea lile la mwizi wa mbuzi.

"Hivyo ni vichekesho tu!" Baraka akawazomea. "Bora ni la mama anayevuka mto Malagarasi na watoto. Kanisa zima lililia!"

Mwalimu akauliza nani alilitunga.

Baraka akaninyooshea kidole. "Si huyu hapa, bubu wetu! Daftari la kwaya lote ni mwandiko wake."

Mwandiko ni wangu kweli. Mimi ni katibu wa kwaya, nanakili kila wimbo, na majina ya watunzi huwa hatuandiki. Lakini nyimbo za igizo hilo alizitunga rafiki yangu Odeta. Aliniimbia mstari kwa mstari, nami nikaandika. Mwaka jana yeye na familia yake walirudi kwao Burundi.

"Simama, mtunzi!" mwalimu akasema.

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Makofi yakaanza.

Nikakaa.

Wanadarasa mnaosoma haya, mtunzi ni Odeta. Nimeshindwa kulisema mbele yenu. Nyie mngeweza?

Yule mtoto anayechukuliwa na maji katika wimbo wa mwisho alikuwa kaka yake Odeta.