Kiti Nilichopeleka Nabuyonga

Kiti kile nilikitengeneza mwenyewe, kuanzia bomba la kwanza hadi rangi ya mwisho. Sikumwachia fundi wangu yeyote, ingawa ninao, na ni wazuri kwa sababu niliwafundisha mimi. Ukipita Bugembe ukaona geti lenye simba wawili wanaotazamana, usiulize la nani. Niliacha shule darasa la nne, nikauza mihogo ya kuchemsha kwa askari wa kambini Jinja, na Kiswahili hiki nikakiokota palepale, kwa kutukanwa na kulipwa. Leo watu wenye digrii wanasimama nje ya karakana yangu wakingoja nimalize chai.

Kiti kilikuwa cha mwenye nyumba tuliyokuwa tunakwenda kumposea mwanangu. Siku ya utambulisho sisi Wasoga hupeleka nguo, sukari, mafuta, matunda na ng'ombe, na mtu wa maana huongeza kitu kimoja cha kuwafanya wenyeji wasilale kwa mazungumzo. Mimi niliongeza kiti. Miguu ya simba, mgongo mrefu, mto wa ngozi nyekundu. Mwenye nyumba akishakikalia mbele ya watu, basi amepokea, na binti ni wetu.

Binti mwenyewe alikuwa mwalimu wa historia Jinja. Jioni alikuwa anapita karakana kumngoja mwanangu, nami simwachi mtu akae kimya karakanani kwangu. Siku moja nilimwambia dunia hii imejengwa na wanaume, kama haamini atazame mageti. Akacheka, akavuta kopo la rangi akalikalia, akanisomesha. Akaniambia habari za mwanamke wa Misri ya kale aliyejifunga ndevu za bandia akatawala kama mfalme. Akaniambia habari za mama wa hapa jirani Kenya aliyepigwa kwa ajili ya miti, mpaka dunia nzima ikampa heshima. Nilibishana naye kila jioni, na kila jioni nikamngoja aje. Mimi nikisikia jambo mara moja halitoki kichwani. Nimeumbwa hivyo.

Tuliondoka Bugembe asubuhi, lori langu mbele na ng'ombe juu yake, sisi nyuma na kiti kimefungwa blanketi. Mbale mvua ilikuwa imenyesha usiku, barabara za Nabuyonga, mtaa wa kina binti, zinateleza. Msemaji wetu, rafiki yangu muuza mbao, mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimjue, alitangulia ndani kuuliza utaratibu. Akarudi amekunja uso.

"Bwana, kuna shida."

"Shida gani? Kiti wamekiona?"

"Kiti wamekiona. Wenye nyumba ndio wawili."

Ilikuwa hivi. Baba wa binti alifariki binti akiwa mdogo. Mama yake, mtu wa kaskazini, alikuwa askari magereza. Alimsomesha kwa mshahara wake na nyumba ile akaijenga kwa mshahara huohuo mpaka akastaafu. Upande mwingine kulikuwa na baba mdogo, ndugu wa marehemu, aliyerithi shamba la Nakaloke. Huyo kwenye karo hakuonekana, lakini siku ya ng'ombe amekuja na wanaume wa ukoo wamejaa hema, kanzu zinameta. Amekaa mstari wa mbele, na pembeni yake ameacha nafasi. Nafasi ya kiti changu.

Mama walimtandikia mkeka nyuma, pamoja na wanawake. Hakuukalia. Alisimama kando yake ndani ya gomesi ya buluu, lile gauni refu la sherehe lenye mshipi mpana, mikono nyuma, kidevu juu, kama mtu aliye zamu. Jua likampiga, akasimama. Watu walikuwa wakipita mbele yake wakiinama kidogo: "Afande." Naye anaitikia kwa kichwa tu.

Msemaji wao akapaza sauti. "Wageni, karibuni. Kiti tumekiona, ni kizuri. Kileteni kwa baba wa binti."

Vijana wangu wawili wakakiinua. Hawajapiga hatua, shangazi wa binti akatoka ndani ya nyumba. Huyu alikuwa dada wa marehemu, mama mzee mfupi, na kwa desturi yao yeye peke yake ndiye wa kumshika binti mkono na kumleta mbele ya wageni.

"Mtoto anasema," akatangaza, "kiti kikienda kwa baba yake mdogo, yeye hatoki."

Hema likanguruma. Baba mdogo hakuinua hata sauti. "Na kikienda kwa huyu mama, ukoo unaondoka. Tuone atatolewa na nani."

Mwanangu akanishika mkono wa kanzu. Kijana huyu anabeba mitungi ya gesi begani kama mito ya kulalia, lakini alining'ang'ania kama mtoto aliyepotea sokoni. "Mzee," akaninong'oneza, "namjua yule. Akisema hatoki, hatoki. Fanya kitu."

Nikasimama. Biashara imenifundisha kwamba wateja wawili wakigombea geti moja, unawaahidi mageti mawili. "Wazee wangu," nikasema, "hili ni jambo dogo. Mimi ndiye fundi. Hiki nitampa mama, na wewe baba nitakutengenezea kingine kikubwa zaidi ya hiki."

"Cha pili hukaliwa na mtoto," akanijibu. "Msoga, nikuulize. Tangu dunia iumbwe, umeona wapi mwanamke anakaa kitini anapokea wageni, na wanaume wenye nyumba wanatazama?"

Hapo alikosea mtu wa kumuuliza.

"Nimesikia," nikasema. "Kule Angola ya leo palikuwa na binti wa mfalme. Kaka yake alimtuma kwa gavana wa Wareno kuzungumza amani. Gavana amekaa kitini, yeye wakamtandikia mkeka. Hakubishana. Alimtazama tu mtumishi wake, mtumishi akapiga magoti, akainama, naye akamkalia mgongoni. Wakazungumza wako sawasawa. Baadaye akawa malkia, na Wareno hao aliwasumbua mpaka akazeeka."

Baba mdogo akaegemea nyuma. "Hiyo umeisoma darasa la ngapi?"

"La nne niliacha."

"Basi rudi umalizie la tano, halafu uje kuoa."

Hema zima likacheka, na wa upande wangu wengine walicheka, niliwaona. Msemaji wetu akanivuta: "Kaa, bwana. Mpe tu kiti, tumalize. Ukoo ni ukoo." Na alikuwa na hoja. Bila ukoo, kesho mwanangu angeambiwa ameiba mke. Bila binti, hakuna mke wa kuibwa. Nilimtazama yule mama. Hakuniomba kwa jicho wala kwa mdomo. Alikuwa anatazama mlango wa nyumba ambamo mtoto wake alikuwa.

Nikawanyang'anya vijana kiti. Kile ni chuma kitupu, kinabebwa na watu wawili, lakini nilikibeba mwenyewe kupita katikati ya hema, viatu vinazama kwenye majani mabichi, na kicheko kikafa nyuma yangu kidogo kidogo. Nikakitua juu ya mkeka, mbele yake.

Akasema kwa chini, bila kugeuza kichwa, "Mkwe, unajua unachofanya?"

"Najua, afande."

"Hujui. Lakini weka."

Baba mdogo akasimama. Kanzu zote nyuma yake zikasimama. Sikuwahi kusikia viti vya plastiki vikipiga kelele namna ile. Wakaanza kutoka, na alipofika mlangoni pa nyumba akasimama mbele ya shangazi. "Dada. Twende."

Sasa macho yote yakahamia kwake. Yule mama mzee akaanza kufunga upya mshipi wa gomesi yake, taratibu, kama hakuna anayemngoja.

"Tangulieni," akasema. "Nimeacha chungu cha malewa jikoni, mboga itaungua."

"Dada!"

"Nimesema tangulieni. Marehemu hakuniachia shamba wala ng'ombe. Aliniachia mtoto mmoja wa kutoa. Hata huyo unamtaka?"

Akageuka, akaingia ndani. Hatukujua ameingia kwa binti au kwa malewa. Afande alikuwa bado hajakaa. Tulingoja, hema nusu tupu, mtu akakohoa, akanyamazishwa. Halafu pazia likainuka, shangazi akatoka mbele, na mkononi amemshika mwalimu wetu, uso umelowa machozi na kichwa kiko juu kama cha mama yake.

Msemaji wao alikuwa ameondoka na wenziwe, kwa hiyo shangazi akauliza mwenyewe. "Wageni hawa unawajua?"

"Nawajua."

"Wapokelewe?"

"Mama awapokee."

Ndipo afande akakaa. Kiti hakikulia hata kidogo. Mwanangu akajifuta uso kwa mikono miwili, na mimi nikawa naanza kuwaeleza watu wa karibu jinsi nilivyokunja ile miguu ya simba, niliposikia ng'ombe akilia barabarani. Nikachungulia getini. Kanzu zilikuwa zimemshusha kutoka kwenye lori, zinamburuta kuelekea Nakaloke.

Nikakunja mikono ya kanzu yangu.

"Mkwe, unakwenda wapi?"

"Ng'ombe, afande! Wanaondoka naye!"

"Mwache. Shemeji yangu alikuja kwa ajili yake. Wewe umekuja kwa ajili ya huyu. Kaa chini."

Nimeongeleshwa na makanali tangu nikiwa mdogo, najua amri ninapoisikia. Nikatafuta kiti nilichokuwa nimekalia. Katika vurugu kilikuwa kimepinduliwa na mguu umevunjika, plastiki ni plastiki. Nikakaa mkekani kati ya wanawake, mtu mzima kama mimi, mwenye malori mawili. Sahani ya kwanza waliniletea mimi, na hilo mtu asiwadanganye vingine.

"Sogea, mkwe," shangazi akanipiga kiwiko. "Umekalia gomesi yangu."